Harufu ya Mafuta ya Taa kwenye Shati la Jabiri

Ipo siku moja ambayo kila nikiloweka nguo lazima inirudie kichwani, mwanangu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wakati huo tunakaa Tandika, mimi mke mbichi bado, mtoto mgongoni na wivu kifuani. Nilishika shati alilolivaa mume wangu jana yake, nikalipeleka puani, nikavuta pumzi. Unacheka? Cheka tu. Nyie wa leo mnapekua simu, sie tulikuwa tunanusa mashati, na ugonjwa ni ule ule.

Nilikuwa na wivu, sikufichi. Si ule mdogo wa kunogesha ndoa, ambao makungwi husema ni chumvi ya mapenzi. Wangu ulikuwa chumvi ya kuharibu mchuzi. Jabiri akimwambia muuza dagaa "habari za asubuhi, dada," mimi nalala nikiwaza kwa nini amesema dada na si mama. Akirudi amenyamaza, najua kuna aliyemnyamazisha. Akirudi anaimba, najua kuna anayemwimbisha. Akiniletea zawadi nauliza ni ya kosa gani, asipoleta nauliza kampelekea nani. Maskini yule mwanaume hakuwa na pa kupita. Na usidhani wivu huo umekwisha kwa kuwa sasa kichwa changu kimejaa mvi. Umezeeka tu pamoja nami.

Jabiri alikuwa dereva wa lori la mafuta, yale marefu yenye tangi. Alikuwa anapakia dizeli kwenye maghala ya Kurasini na kuipeleka vituoni, leo Mbagala, kesho Kibaha, na safari nyingine huko bara anakolala njiani. Mume wa kazi hiyo ni mtihani kwa mwanamke mwenye moyo kama wangu, maana njia ni ndefu na kila kituo kina mama ntilie wake. Nami kwa kuwa sikuweza kumfuata kwenye lori, nikaamua kumfuata kwenye nguo.

Tena aliyenifundisha ni yeye mwenyewe. Kabla ya kuwa dereva alifanya kibarua ng'ambo ya Kigamboni, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, enzi hizo kiwanda kinasafisha kweli, na alikuwa mtu wa kuuliza maswali mpaka mafundi wakamchoka. Jioni moja nikamlalamikia kwamba ovaroli lake limenishinda. Nimelifua, nimelisugua, sabuni imekwisha, na harufu ya dizeli iko pale pale. Lakini siku alipomwagikiwa petroli, nguo ilikauka yenyewe na harufu ikaondoka kabla sijatia maji. Nikamwuliza, kwani hayo mafuta si ndugu?

"Ndugu, tena wa tumbo moja," akasema. "Hebu lete shanga zako."

Unajua shanga ninazosema, za kiunoni, nilizopewa na somo yangu alipokuwa ananifunda. Nikaona haya, lakini nikazileta. Jabiri akakaa mkekani akazichambua. Akaniambia mafuta ghafi yanapotoka ardhini ni meusi, mazito, ukiyatazama huwezi kudhani yamebeba vitu vingi ndani yake. Na karibu vyote hivyo vimeundwa kwa vitu viwili tu, kaboni na haidrojeni, vimeshikana kama shanga zilizotungwa. Kinachotofautisha ni urefu wa uzi. Shanga tatu nne hivi, hiyo ni gesi ya mtungi. Uzi wa kuzunguka mkono wa mtoto, petroli. Mrefu kidogo, mafuta ya taa. Mrefu zaidi, dizeli. Na ule wa kuzunguka kiuno mara mbili na kubaki ni lami wanayoitandika barabarani. Halafu akazimwaga zote chini. Nyuzi ndefu zikasongana, kila ukivuta mmoja unakuja na wenzake. Zile fupi zikatawanyika huku na huku, nyingine hatukuziona tena.

"Ndiyo maana dizeli ni nzito na inang'ang'ania nguo," akasema. "Petroli haina kinachoishika. Ikipata joto kidogo tu, hata la mwili wako, inapaa."

Kiwandani, akanieleza, wanayachemsha mafuta ghafi kwenye tanuri mpaka sehemu kubwa inakuwa mvuke, kisha mvuke unaingizwa kwenye mnara mrefu ambao chini ni moto na juu umepoa. Kila mvuke unapanda hadi unapokutana na ubaridi wake, hapo unarudi kuwa majimaji na kukingwa kwenye sinia lake, kama jasho la mfuniko kwenye sufuria ya wali. Lami inabaki chini, haina nguvu ya kupanda. Dizeli inakingwa kwenye masinia ya chini, mafuta ya taa juu yake, petroli karibu na kilele, na gesi inatokea juu kabisa. Huko ndiko kunereka. Mafuta ya taa na dizeli ni majirani wa mlango kwa mlango, akasema, na ukiyachanganya yanaingiana moja kwa moja, hayajitengi kama maji na mafuta. Jicho haliwezi kujua. "Ila pua," akanishika pua yangu, "pua inajua." Laiti angejua silaha ile anampa nani.

Tangu hapo nikawa nasoma nguo zake. Petroli haikunipa habari yoyote, maana hadi afike nyumbani imeshapaa. Dizeli, ile nzito ya kunata, ndiyo iliyonituliza: huyu ni Jabiri wangu, katoka kazini. Nikawa naringa moyoni kwamba wenzangu wanadanganywa kwa maneno, mimi mume wangu hawezi kunidanganya hata akitaka. Majivuno hayo nayo ni aina ya upofu, lakini nani angeniambia.

Basi Jumapili hiyo niliyokutajia, shati lilikuwa linanuka mafuta ya taa. Tena si kidogo. Nikalinusa mara ya pili, nikamwita jirani yangu Mama Shani naye akanusa. Nyumbani kwangu tulipikia mkaa, na chumbani tulikuwa na taa ya umeme, kwa hiyo mafuta ya taa hayakuwa na pa kuingilia. Lori la Jabiri lilibeba dizeli. Sasa yametoka wapi? Moyo wangu haukuhitaji muda. Yametoka jikoni kwa mwanamke. Kuna mwanamke mahali fulani anapikia jiko la mafuta ya taa, lile la tambi, na mume wangu anakaa ubavuni kwake wakati anapika. Tena kakunja mikono ya shati anamsaidia kulijaza, huyo huyo ambaye kwangu hajawahi kuniwashia hata kiberiti. Nilimwona kabisa, anajaza na kutabasamu.

Ngoja nikuonyeshe hapa kosa langu lilipo. Jiko la mafuta ya taa lina harufu yake, kweli, lakini ni harufu ya mafuta yaliyoungua. Utambi ukikosa hewa ya kutosha, kaboni haimaliziki kuungua, inabaki masizi, na nguo ya mtu aliyekaa karibu hunuka moshi. Shati lile halikuwa na moshi hata chembe. Lilinuka mafuta mabichi, kama yaliyotoka kwenye dumu sasa hivi, nalo lilikuwa limelowa mikononi hadi kwenye kiwiko, na kifuani. Nani analowa kifua kizima kwa kujaza jiko dogo la chumbani? Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mimi moshi sikuunusa, na moto nikautangaza. Pua yangu ilinieleza ukweli wote, mwanangu, ila moyo ulishaamua unachotaka kusikia.

Sikumwuliza. Mwenye wivu hapendi kuuliza, maana akiuliza anaweza kujibiwa. Nikaweka uso wa mfiwa, nikapika bila ladha, nikalala nimempa mgongo. Jumamosi iliyofuata shati likarudi na harufu ile ile, na nyingine tena vivyo hivyo. Halafu kukawa na jambo jipya. Zamani nguo za kazi alikuwa anazivulia nje, anazitupa kwenye beseni. Sasa akawa anaingia nalo ndani, analivua, analitandaza juu ya kitanda, upande wangu ninaolalia, kisha anakaa kwenye kigoda ananitazama. Haongei. Nami nikaliona hilo ni dharau ya mwisho: kaniletea harufu ya mwanamke wake mpaka kitandani, na anataka kuniona nikilia. Nikalichukua kwa ncha za vidole nikalitupa nje, na sikulia.

Nikaenda Mtoni kwa Bibi Mwanaidi, somo yangu, yeye aliyenifunda na kunitia kwenye nyumba ile. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote kwa machozi. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, na hakuuweka chini.

"Umemwuliza?"

"Nimwulize nini, bibi, na ushahidi ninao?"

"Mie nilikufunda kumpokea mume, kumpa maji, kumsikiliza. Nilikufunda na kumnusa?"

Nikajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Rukia, mumeo ana mdomo. Shati halina mdomo. Unamwacha mwenye mdomo unaongea na shati?" Akausuka ukili wake hatua nyingine. "Kuuliza si ujinga. Nenda kamwulize leo, kwa adabu. Akikujibu upuuzi njoo, mie mwenyewe nitajifunga kibwebwe twende wote."

Niliondoka nimenuna. Nilitaka mtu wa kunihurumia, yeye kanipa kazi ya kufanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku ile nilikuwa na haraka ya kuvunjika.

Nyumbani nikamkuta Mama Shani ananisubiri kwenye baraza. Alikuwa na dada yake anayekaa Yombo. "Shoga, mie sitaki kugombanisha watu," akasema, na mtu akianza hivyo jua kaja kugombanisha. "Nasema nilichokiona. Lori la mumeo linaonekanaga Yombo kila Jumamosi, pale karibu na kwa Mwalimu Stela." Lisemwalo lipo, nikasema kimoyomoyo, na kama halipo laja.

Kesho yake nikaenda kumwangalia huyo Mwalimu Stela. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwao Upareni, mjane kijana, kapanga chumba kimoja. Nikamkuta mlangoni anakaanga samaki kwenye jiko la mafuta ya taa, kwa sababu mwenye nyumba kakataza mkaa. Nilipoliona jiko nikasema ndilo hili. Halafu akainua uso akacheka, na nikaona mwanya. Alikuwa na mwanya, mwanangu, na shingo ya kuvalia mkufu, na macho ya polepole. Nilipouona ule mwanya, kesi kwangu ilikuwa imekwisha, imebaki hukumu. "Karibu, dada, jua kali, sogea kivulini," akaniambia, na hata ukarimu wake ulinichoma. Nikamwambia nimepotea njia. Ubavuni mwa nyumba yake kulikuwa na ukuta mrefu wa yadi na geti la bati, lakini mimi sikuwa na macho ya kutazama mageti.

Fumanizi lina taratibu zake. Hufumanii peke yako, maana kesho watakukana wote wawili. Unachukua mashahidi, na unamchukua mjumbe wa mtaa ule, kiongozi wa watu, ili jambo lishike. Mjumbe wa pale Yombo aliitwa Mzee Kombo, mstaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache.

"Una uhakika, mama?" akaniuliza.

"Ninao."

"Maana mie nikienda kushuhudia, nashuhudia nitakachokiona. Sichagui."

"Ndicho ninachokitaka, mzee wangu."

Jumamosi baada ya alasiri tukaenda, mimi na mtoto wangu mgongoni, Mama Shani na dada yake, na Mzee Kombo mbele. Mwalimu Stela akafungua mlango kashika kalamu nyekundu, madaftari ya wanafunzi yametapakaa kitandani. Sikusalimia. Nikampita, nikafunua pazia, nikainama mvunguni. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama sana, nikakuta ndoo na viatu vya mwalimu.

"Mnatafuta nini chumbani kwangu?" akauliza.

Mama Shani akamweleza, tena kwa sauti ya kusikiwa na wapangaji wote. Mwalimu akanigeukia mimi. "Mumeo mie namjua kwa kunisalimia barabarani tu."

"Na hii harufu?" nikasema. "Chumba chote kinanuka mafuta ya taa, na jiko lako halijawashwa."

"Hiyo inatoka nyuma ya ukuta. Kila Jumamosi inakuwaga hivyo. Kichwa kinaniuma mpaka Jumapili kanisani."

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Mimi nikaona kaniambia mwenyewe alikomficha. Nikatoka mbio, kundi zima nyuma yangu na majirani wameshaongezeka, nikafuata pua mpaka kwenye lile geti la bati. Lilikuwa limeegeshwa tu. Nikalisukuma.

Ndani kulikuwa na lori la Jabiri, mfuniko wa tangi uko wazi. Kando yake mapipa ya mafuta ya taa yamepangwa, pampu ya mkono kwenye pipa moja, na mpira mrefu umepanda hadi juu. Jabiri alikuwa juu ya tangi kaushika mpira huo, shati limelowa mikononi hadi kwenye kiwiko, na kifuani. Chini kulikuwa na msimamizi wa tajiri yake, mwenye lori. Nikatazama nyuma ya mapipa, nikachungulia hadi ndani ya kabini. Hakukuwa na mwanamke.

Nikapiga kigelegele.

Ndiyo, nilipiga. Furaha ilinipanda kutoka miguuni, sikuweza kuizuia. Mtoto akaamka mgongoni akalia, na mimi nazunguka pale yadi nikisema, "Hana mwanamke, jamani, mume wangu hana mwanamke," nacheka peke yangu. Mama Shani akanitazama kama mtu aliyepagawa. Jabiri kule juu hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama Mzee Kombo, kisha akauachia mpira ukaanguka.

Wewe hukuwepo enzi hizo, kwa hiyo nikueleweshe. Mafuta ya taa yalihesabiwa kuwa ni mafuta ya mnyonge, kodi yake ndogo, na bei yake iko chini ya dizeli. Wajanja wakawa wanayatia kwenye dizeli na kuyauza yote kama dizeli. Huko ndiko kuchakachua. Baadaye serikali iliipandisha kodi ya mafuta ya taa, na mafuta yanayouzwa yakaanza kutiwa vinasaba, yaani alama isiyoonekana kwa macho, ili mchanganyiko ujulikane kwa vipimo. Na si mzaha. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Inaibana hewa mpaka hewa inakuwa moto mkali, dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Tena dizeli hiyo hiyo ndiyo inayoilainishia pampu yake, kwa sababu ya zile nyuzi ndefu. Ukitia mafuta ya taa gari litakwenda, lakini mafuta yale ni makavu, chuma kinasagana na chuma, mpaka siku pampu inafia mlimani na basi limejaa watoto wa watu. Jabiri alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale.

Mzee Kombo akaenda kwenye pipa, akachovya kidole, akanusa. Msimamizi akawa anamfuata nyuma, mzee wangu hivi, mzee wangu vile, mambo yanazungumzika. Hapo ndipo furaha iliponitoka, nikaelewa ninachokiona. Nikamkimbilia yule mzee nikamshika mkono wa kanzu.

"Mzee wangu, turudi. Hakuna fumanizi hapa. Mie nimeridhika."

"Uliniita nishuhudie, mama," akasema taratibu. "Nimeshuhudia."

Polisi walifika kabla ya magharibi. Msimamizi alikuwa ameshapenya kwenye uchochoro. Tajiri hakuonekana siku ile wala siku nyingine, na lori lilikutwa na dereva wake, na dereva ndiye aliyekutwa na mpira. Walimpitisha mbele yangu, kafungwa pingu.

Bibi Mwanaidi alipopata habari alikuja mwenyewe, kwa miguu yake yenye baridi yabisi. Nilidhani kaja kunipa pole. "Mungu kakupa mume ambaye hata nguo yake haijui kusema uongo," akaniambia, "na wewe umemfungulia njia ya jela." Kisha akanishika mkono hadi Yombo kwa Mwalimu Stela, nikapige magoti. Mwalimu alikuwa anafunga mizigo, maana wazazi wa wanafunzi walishaanza kumnong'ona, hakuweza tena kukaa pale. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sijakusamehe bado, dada," akasema, "ila chai utakunywa." Akanimiminia. Nikainywa ile chai huku nikiutazama mwanya wake, na nikuambie ukweli, hata pale, nimepiga magoti na mume wangu yuko mahabusu, bado nilikuwa naona kijicho. Ndivyo ulivyo wivu. Hauna haya wala hauna msiba.

Siku ya kwanza kumwona Jabiri mahabusu ya Segerea nilikuwa nimepanga maneno mengi ya toba. Alikuwa amekonda, kachanika mdomo kwa kiu. Nikaomba radhi, nikalia, kisha ile tabia yangu ikanishinda nikapandisha sauti. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Mimi mkewe, kwa nini alinificha.

"Tajiri alisema nikikataa, kazi sina," akasema. "Nikakubali, usingizi sina. Nikawa nashindwa nianzie wapi kukuambia. Mume gani anaanza kumwambia mkewe kwamba amekuwa mwizi? Nikasema, Rukia ana pua, na mie ndiye niliyemfundisha. Nitamwekea shati kitandani, upande wake. Ataniuliza, Jabiri, dereva wa dizeli, haya mafuta ya taa mabichi umeyatoa wapi? Akiniuliza tu namwambia yote, na kesho naacha kazi, tutakula hata mihogo." Akanitazama. "Kila Jumamosi nililitandaza, Rukia. Nikakaa pale nakungoja."

Alifungwa, akatumikia kifungo chake Ukonga. Mwanetu aliyekuwa mgongoni siku ile ya kigelegele alijifunza kutembea baba yake hayupo, na kusema, na kuvaa sare za shule. Jabiri alipotoka na kuingia uani, mtoto akasimama kwa adabu akamwambia, "Shikamoo, mgeni. Mama yupo ndani." Nilikuwa jikoni, nikayasikia maneno yale. Baba wa watu akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda akifunika uso.

Tukaanza upya, tukahamia huku Madale kufuga kuku, naye hajawahi kunitolea maneno ya kunisimanga. Ningemshukuru kama angenisimanga walau mara moja. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshakua mkubwa, anakaa nami nyumba moja.

Sasa nikupe nasaha yenyewe, nikupe ikiwa wazi. Sikwambii uache wivu. Atakayekuambia hivyo hajawahi kupenda, au anakudanganya. Nakuambia, wivu ukikupa swali, usiujibie wewe. Swali lipeleke kwa mwenyewe. Mafuta ghafi hayatengani kwa kukodolewa macho, hutengana kwa joto na subira, vyepesi vikitangulia na vizito vikifuata. Mwenzio naye ndivyo alivyo: mwulize kwa upole, ukae, usimkate. Atakutolea kwanza yaliyo mepesi, ya kazini na ya njiani, na ukiwa bado umekaa atakutolea yaliyo mazito. Ukiondoka mapema utabaki na harufu tu, na harufu kila mtu huitafsiri kwa moyo wake. Na ukimwona mtu wako amenyamaza mbele yako, anakuangalia, usifanye haraka kuiita dharau. Huenda anazama, na ile ndiyo namna yake ya kuita. Mficha uchi hazai, lakini wengine hawajui waufunue vipi mpaka waulizwe.

Haya, inua mikono tuombe. Mungu akulinde wewe na unayemwonea wivu. Akuonyeshe lililopo, akuepushe na ulilojitungia. Akupe ulimi laini wa kuuliza, na akupe masikio ya kulibeba jibu hata likiwa zito. Watoto wako wamjue baba yao kwa sura na kwa jina, wasimsalimie kama mgeni. Amina, mwanangu. Na leo mumeo akirudi, kabla hujamtia maji ya kuoga, mwambie tu: "Kaa hapa, niambie."